Nilivyokuwa Tata Bonaventure, mtu asiyekuwepo, na bamama walioiokoa nyumba ya Kapata

Habari za jioni wakuu, pamoja na nyinyi mnaosoma kimyakimya bila kuacha hata like.

Niko kwenye foleni ya malori hapa mpakani Nakonde. Dereva wa mbele yangu amezima injini na ametandika godoro chini ya trela, kwa hiyo muda ninao.

Jana kuna jamaa aliandika humu kwamba nyumba ni kazi ya mwanaume, mwanamke anapamba tu. Nilitaka kumtukana, nikakumbuka admin wetu hasira zake ziko karibu. Nikaona bora nimsimulie.

Nitakayoandika ni ya kweli. Nikiongopa, hili lori lisivuke hadi mwezi ujao na mi nibaki humu ndani nakula biskuti.

Mi ni mtu wa Kolwezi, Kongo. Kiswahili changu nusu ni cha Katanga, nusu nimekiokota bandarini Dar. Mkiona "bamama" badala ya "kina mama", au "njo" badala ya "ndiyo", msianze kunisahihisha, twendeni tu.

Na mjue jambo moja mapema. Kwa miaka kadhaa niliishi kama mtu asiyekuwepo. Aliitwa Tata Bonaventure; tata kwetu ni baba. Jina lake liko ukutani hadi leo. Langu haliko popote, isipokuwa kwenye leseni.

Sasa tuanze.

Kwetu ni Kapata, cité, yaani mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, nje kidogo ya mji. Nyumba za kampuni, mistari kwa mistari, zote sura moja. Ukirudi umelewa unaweza kuingia kwa jirani, na wapo waliokuwa wanakosea makusudi.

Moja tu ndiyo ilikuwa tofauti, ya kwanza kwenye mstari wetu. Wabelgiji waliijenga kama nyumba ya mfano, sisi tukaiita Foyer. Ina barza ya matao, yaani veranda, ina sakafu nyekundu ya sementi na bomba la moshi la matofali. Pale ndipo bamama wa Kapata walifundishwa kushona na kutunza nyumba.

Mama yangu alipita pale. Alitusimulia habari za madame mmoja mzungu aliyekuwa anakagua nyumba za watu na glovu nyeupe. Anapitisha kidole juu ya mlango. Kidole kikitoka cheusi, baba anaulizwa kazini.

Mama hakupona ile kitu. Hadi anakufa hakuweza kuingia kwa mtu bila kupitisha kidole juu ya mlango. Siku ya harusi yangu alijaribu kanisani, bahati nzuri mlango ulikuwa mrefu.

Wazungu walipoondoka, mwalimu wa Foyer akawa Mama Kapinga. Mjane, mnene, mkali kama pilipili. Wazazi wake waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, lakini yeye alizaliwa Kapata na nyumba ile ndiyo ilikuwa makazi yake.

Alikuwa na cherehani moja nyeusi ya mkono. Kila msichana wa mstari wetu alijifunzia pale. Mke wangu, Mama Vero, aliinamia ile cherehani miaka miwili. Anasema siku tunaoana alikuwa anaijua kuliko anavyonijua mimi: mikwaruzo yake, sauti yake, mpaka namba ya kiwandani iliyogongwa pale karibu na sindano.

Basi, mwanzo wa miaka ya tisini kila kitu kikaanguka. Mgodi ukalala. Mi nilikuwa dereva wa dampa kwenye shimo la mgodi linaloitwa Mashamba, dampa langu likaegeshwa hadi nyasi zikaota kwenye matairi.

Hapa wakuu niwaambie ujinga wetu sisi wanaume wa cité. Tangu babu zetu, kampuni ndiyo ilikuwa inapaka chokaa, inaziba nyufa, hata balbu ikiungua unaenda biro, yaani ofisini, kuandikisha. Kwa hiyo kampuni ilipokufa sisi tukakaa kuisubiri. Bati likivuja: "Kampuni itakuja." Mlango ukianguka: "Msiuguse, ni wa kampuni." Nilikuwa na jirani aliyeishi bila dirisha misimu miwili ya mvua, anasubiri fomu.

Tulisubiri tukiwa tumekaa, na lutuku mkononi. Lutuku ni ile pombe yetu ya moto, inayowaka ukiisogelea na kiberiti.

Halafu likaja lile jambo lisilochekesha.

Wanasiasa wakaanza kupiga kelele kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Majirani tuliokula nao sahani moja wakawa wanaitwa wadudu. Vijana wakapita nyumba kwa nyumba. Watu wakahamia stesheni ya treni na sufuria zao, wakalala pale kwenye sementi wakisubiri behewa.

Walifika na kwa Mama Kapinga. Alisimama mlangoni akawauliza, "Kwetu ni wapi? Mi nilizaliwa hapa, nyuma ya hii jikoni." Walimwonyesha barabara tu.

Mi nilimbebea godoro hadi stesheni, macho chini. Wale waliokuwa wanapiga kelele niliwajua kwa majina, na sikuwaambia neno. Niliogopa. Nalisema hapa wazi kwa sababu limenikaa rohoni miaka yote.

Yeye alibeba kitu kimoja kichwani, cherehani, ameifunga kwa kitenge.

Kabla ya kupanda alimpa mke wangu ufunguo. "Munichungie nyumba. Nitarudia."

Mama Vero akautia ule ufunguo kwenye sidiria. Ulikaa humo miaka, wakuu. Nina kovu dogo kifuani kama ushahidi.

Sasa tatizo lilikuwa hivi. Nyumba ikibaki tupu Kapata ile, inavuliwa nguo. Mabati, milango, madirisha, choo cha kukalia. Kuna familia ya mstari wa tatu waliondoka Jumatatu, Ijumaa nyumba yao ilikuwa imebaki ngazi. Unapanda ngazi, unafika hewani.

Bamama wakakaa mkutano nyuma ya jikoni kwetu. Wanaume hatukualikwa. Uamuzi ukaletwa na Mama Safi, jirani yetu, mwanamke mwenye sauti ya kuita mtu aliyeko mbali kule Mutoshi bila simu:

Nyumba isionekane tupu. Lazima ndani awepo mtu, tena mwanaume, maana wezi hawaogopi kamba ya nguo za mwanamke.

Wakamtunga. Jina Bonaventure, kwa sababu Kapata nzima halikuwepo, kwa hiyo hakuna ambaye angekuja kulidai.

Kisha Mama Vero akanitazama kuanzia juu mpaka chini. Nikajua nimekwisha.

Nikapewa pijama ya marehemu mume wa Mama Kapinga, ya mistari, tungeweza kuivaa wawili na bado tukabaki na nafasi ya mgeni. Nikapewa kofia. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye barza kila siku saa kumi jioni, mgongo barabarani, na kukohoa.

Siku ya kwanza Mama Vero alikuja kunikagua. "Tata Vero, unakohoa sawa mbuzi. Kohoa sawa mutu iko na famille!"

Nikajifunza. Baada ya wiki mbili kikohozi changu kilikuwa kizito, kinaanzia tumboni, kinazunguka, kinamalizia na kamlio. Wapita njia wakaanza kuvuka barabara. Ikasemwa Tata Bonaventure ana ugonjwa wa mgodi usio na jina. Hakuna mwizi aliyetaka kugusa bati la mtu yule.

Mama Safi yeye alipewa ugomvi. Anaingia ndani anafoka peke yake: "Bonaventure! Chumvi uliweka wapi? Bonaventure, unaniona mi mupumbafu?"

Maneno yote yale yalimlenga mume wake mwenyewe. Mzee wa watu akipita pale anaongeza mwendo. Watu wakaanza kumhurumia Bonaventure. Tata mmoja wa kanisa alimletea chupa ya asali ya kifua, akaiacha kwenye ngazi na kukimbia. Niliila yote.

Ngoja, foleni imesogea.

Nimerudi. Imesogea hatua tatu.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe, maana mi na pijama yangu tulikuwa mapambo tu.

Nyufa waliziba kwa udongo wa kichuguu, walioukanyaga kwa miguu siku nzima. Chokaa waliichanganya na vitu vyao ambavyo mi sikuvijua wakati ule, mtaona kilichonipata. Sakafu, nta nyekundu ilikuwa haipatikani tena, wakayeyusha vipande vya mishumaa ya kanisani na udongo mwekundu, wakasugua wamepiga magoti kila Jumamosi. Padri akaanza kuhubiri kuhusu panya wanaokula mishumaa. Panya walikuwa wamekaa safu ya mbele, wanasema amina.

Na mabati! Yalikuwa mazuri, ya Kibelgiji, kila mwizi aliyatamani. Wakapanda juu, bamama wazima na vitenge vyao, wakayapaka matope na mafuta ya mawese hadi yakaonekana yameoza. Ukiangalia kutoka barabarani unasema hili paa halifiki Pasaka. Mvua ikinyesha inaosha yote, kesho yake wanapanda tena.

Sisi wanaume tulikaa chini na lutuku, tukiwaelekeza. "Kushoto kidogo, mama!" Ndiyo mchango wetu huo, uandikeni.

Siku moja akaja karani na daftari kubwa, anahesabu nani anakaa wapi. Jina la Mama Kapinga lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu.

"Hapa anakaa nani?"

"Tata Bonaventure," akasema Mama Vero. "Amelala. Anakohoa."

"Matrikile?"

Hiyo ni namba ya mfanyakazi. Kwetu mtu asiye na matrikile hata akifa hajafa vizuri. Nikasema moyoni, leo tumekamatwa. Mama Vero wala hakupepesa jicho, akaitaja namba ndefu bila kusita, kama anayesali Baba Yetu. Karani akaandika. Usiku huo nikamuuliza ameitoa wapi. Akaniambia nilale.

Tangu hapo Bonaventure akapanda cheo.

Mkuu wa bloc, yaani mtaa wetu, akafufua mashindano ya nyumba safi ya enzi za Wabelgiji. Akashinda Bonaventure. Mwaka uliofuata akashinda Bonaventure. Nyumba yangu, iliyopakana na yake, ikawa ya mwisho, kwa sababu mke wangu alikuwa anasugua kule. Wakuu, mi ndiye mwanaume pekee Katanga aliyejionea wivu mwenyewe.

Akachaguliwa kwenye baraza la parokia. Hakuhudhuria hata mara moja na alisifiwa kwamba hagombani na mtu.

Miaka ikaenda. Kelele zikatulia, watu wakaanza kurudi mmoja mmoja. Mi nikapata kazi ya lori. Tukatangaza kwamba Tata Bonaventure amekwenda kutibiwa Likasi, na ufunguo ukabaki palepale mnapopajua. Bamama wakaendelea kusugua. Mama Kapinga alikuwa Mwene-Ditu, huko Kasai, anashona nguo za watu. Kila mwaka alituma salamu na msafiri wa treni, swali moja tu: "Nyumba iko?" Na kila mwaka Mama Vero alijibu: "Iko."

Halafu ikaja komite ya nyumba za kale kutoka mjini, na kofia ngumu vichwani ingawa hakuna kilichokuwa kinaanguka. Wakaipenda Foyer. Wakasema ni nyumba ya historia, wataiwekea jiwe la kumbukumbu. Wakafungua daftari: mtunzaji, Tata Bonaventure. Basi, kwa kuwa mwenyewe hakurudi kutoka Likasi, nyumba itaandikwa kwa jina la ndugu zake, nani ndugu yake?

Mnaona mtego? Uongo uliochunga nyumba ya Mama Kapinga sasa unataka kumnyang'anya.

Na mi mpumbavu, mnajua nilifanya nini? Nilisema, "Mi ndiye ndugu yake."

Msinitukane bado. Nilijiambia naishika tu kwa ajili yake. Lakini kweli ni kwamba nilisikia utamu. Bonaventure alikuwa mimi bwana! Kifua kile kilikohoa miaka! Nikashona suti. Nikaandika hotuba.

Mama Vero alipopata habari hakugomba. Alinyamaza siku tatu. Mke akinyamaza siku tatu, wakuu, kimbia, usichukue hata viatu. Mi sikukimbia, nilikuwa nafanya mazoezi ya hotuba.

Siku ikafika. Hema, viti, meza ya heshima yenye Fanta. Bamama walikuwa wamepewa kazi ya kupika bukari, ugali wetu, kule nyuma. Wao! Kwenye ile nyumba! Na mi nilikuwa mbele na tai, sikuona ubaya.

Mkubwa wa komite akasoma: "Mwanaume shujaa huyu, kwa mikono yake mwenyewe, alipaka chokaa, alipanda juu ya paa..." Nikawa natikisa kichwa kwa unyenyekevu. Akaniita nisaini.

Nimeshika kalamu hivi, namwona Mama Vero anatoka jikoni na mwiko mkononi, unga hadi kwenye kiwiko.

"Samahani tata mukubwa. Huyu anasema yeye njo ndugu yake. Bon. Atuambie, ile chokaa banachanganya na nini ili isitoke ku mvua?"

Watu wote wakanigeukia. Nikalegeza tai.

"Na... maji?"

Wakuu, kicheko kilichotoka jikoni mi sijakisikia tena maishani. Mama Safi aliangusha sufuria.

"Chumvi na uji wa mihogo," akasema Mama Vero. "Miaka yote. Na weye ulikuwa unakula ule uji bakibakisha."

Nikatazama ile kalamu. Nikamkumbuka Mama Kapinga stesheni na mi nimeangalia chini. Nikaona leo tena naangalia chini. Nikaiweka kalamu, nikasema mbele ya watu wote:

"Bonaventure nilikuwa mimi. Na mi nilikohoa tu. Nyumba waliichunga hawa."

Mkubwa akakataa. Maandishi yapo, mtu huyu ana matrikile! Akaisoma namba kwa sauti, tarakimu moja moja.

Hapo mama mmoja mnene, mzee, akatoka jikoni polepole na mzigo umefungwa kitenge. Kumbe alishuka kwenye treni siku tatu nyuma, Mama Vero alimtumia habari, akafichwa kwa Mama Safi. Akauweka mzigo kwenye meza ya heshima, Fanta zikasogea. Akafungua.

Cherehani.

"Tata, vaa malunette. Soma hapa, karibu na sindano."

Mkubwa akavaa miwani, akainama. Akasoma namba ya kiwandani, tarakimu moja moja. Akalitazama daftari. Akasoma tena. Ilikuwa ileile.

"Kwa hiyo Tata Bonaventure ni..."

"Njo huyu," akasema Mama Kapinga. "Alishona nguo za nusu ya Kapata."

Mwanaume shujaa, mshindi wa mashindano, mjumbe wa parokia, alikuwa cherehani! Mi niliyelala kitanda kimoja na mwenye siri nilijua siku ile pamoja na wageni wote.

Mkubwa alikaa chini, akanywa Fanta ya mtu mwingine. Kisha akakata jina kwenye daftari na kuandika jipya kwa mkono: Mama Kapinga. Mashahidi wakasaini bamama wote, wengine kwa kidole chenye unga.

Mama Vero akaingiza mkono kifuani akatoa ufunguo.

Kitasa kikakubali mara moja. Mama Kapinga hakuingia mara moja. Alisimama kizingitini, akanyoosha mkono juu, akapitisha kidole juu ya mlango, kutoka pembe hii mpaka pembe ile. Bamama wote wakasogea nyuma yake.

Akakitazama kidole chake.

Kilikuwa safi, hakuna hata chembe ya vumbi.

Ndipo akalia. Na mi nililia, na suti yangu.

Lile jiwe lilikuwa limeshasimikwa kwenye sementi, BONAVENTURE kwa herufi kubwa. Komite ilitaka kulibomoa, bamama wakakataa, wakasema cherehani nayo ina haki yake. Ila chini ya jiwe wakachovya mikono kwenye chokaa, kila aliyesugua akapiga kiganja chake ukutani. Viganja vimejaa ukuta wote wa barza.

Nikaomba na mi nipige changu. Mama Vero akafikiri sana. Akanipa brashi ya sakafu.

"Anza na miaka yenye ilipita."

Nimeanza, wakuu. Kila nikirudi safari, Jumamosi napiga magoti pale. Nimebakiza kama miaka kumi na tisa.

Nililojifunza ni hili: jina linaloandikwa mlangoni mara nyingi ni la aliyekohoa. Wewe unayesema mwanamke anapamba tu, ukifika kwenu leo pitisha kidole juu ya mlango, kisha uulize ni nani amekuwa anapanda kiti kufuta pale. Kama hujui jibu, omba brashi.

Haya, uwanja ni wenu. Kwenu nyumba ya zamani imesimama kwa mikono ya nani? Tajeni majina ya bamama, nayasoma yote hapa chini. Wanaotaka kuulizia pijama: imekatwa vitambaa vya kusugulia, msiniulize tena.